Pupa, ujana na dawa za kulevya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafanya kazi ya ushauri nasaha Tanga. Wanaonijia zaidi ni watu wa namna tatu: mama aliyekuta kitu mfukoni mwa suruali alipokuwa akifua, mwalimu wa nidhamu aliyechoka kuandika barua za kusimamisha wanafunzi, na kijana mwenyewe, ambaye huja jioni foleni ikiisha ili asionekane. Maswali yao yanafanana sana. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa. Utafiti ukiwa umefanyika mbali na kwetu, nimetaja ulikofanyika, msomaji apime mwenyewe.

Pupa ni nini hasa? Si utoto tu?

Tumelelewa tukiambiwa mla kwa pupa hadiriki tamu, tukadhani pupa ni moja na dawa yake ni moja: kukaripiwa. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Whiteside na Lynam, walichambua vipimo vya pupa vilivyokuwa vikitumika wakakuta ndani yake mna tabia nne tofauti. Baadaye watafiti wengine wakaongeza ya tano. Nitazieleza kwa mfano wa vijana ninaowaona.

Yupo anayevurugwa na machungu. Siku za kawaida ni mpole, unamtuma dukani na chenji inarudi yote. Akigombezwa na baba yake mbele za watu, au akiachwa na mpenzi, anabamiza mlango anatoka, na usiku huo huo atafanya jambo la kumliza asubuhi. Yupo anayevurugwa na furaha: timu yake ikishinda, au ngoma ikikolea kwenye kigodoro, basi hashikiki. Yupo asiyefikiri kabla. Akili anazo, ila swali la "halafu itakuwaje?" linamjia jambo likiwa limeshafanyika. Yupo anayeanza kila kitu asimalize kitu, leo ufundi simu, kesho kinyozi, keshokutwa amerudi kitandani. Na yupo anayependa msisimko tu, huyo anayejirusha baharini kutoka gatini na kuendesha bodaboda ameachia mikono.

Huyu wa mwisho ndiye anayewatia wazazi hofu kuliko wote, kwa sababu anaonekana. Tafiti lakini zinaonyesha kwamba kupenda msisimko kunaendana zaidi na kujaribu. Kinachoendana zaidi na kuharibikiwa, yaani kutumia mpaka maisha yakavurugika, ni ile pupa ya machungu. Mtoto mkimya anayelipuka akiumizwa anahitaji jicho la karibu kuliko yule anayerukaruka, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii ndiye anayeletwa kwangu akiwa amechelewa.

Kwa nini vijana, na si sisi watu wazima?

Ubongo haukui wote kwa pamoja. Sehemu za ndani zinazohusika na raha na hisia huchangamka mapema, kijana anapobalehe. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayopima na kusema "ngoja kwanza", huendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25. Miaka kumi hivi inapita hapo katikati, na ndiyo miaka ambayo watu wengi wanaotumia dawa za kulevya walizionja kwa mara ya kwanza.

Lakini ubongo peke yake hauelezi yote. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, waliwaketisha watu wa rika tatu kwenye mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta. Wengine walicheza peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Watu wazima hawakubadilika, atazamwe asitazamwe. Wale wa miaka 13 hadi 16 wakitazamwa na wenzao walijihatarisha takriban mara mbili.

Matokeo hayo nayakumbuka kila mama anaponiambia, "Aliniapia kwa Mungu kwamba hawezi kuvuta, kumbe ananidanganya." Mama, huenda hakukudanganya. Alipokuwa ameketi nawe jikoni alikuwa akisema kweli yake yote. Kijiweni, macho manne yakimwangalia na msokoto unazunguka, ni mtu mwingine. Ndiyo maana mimi siulizi kijana kama anavuta. Namuuliza Ijumaa saa mbili usiku wanakaa wapi, nani huwapo, na nani huanza.

Kwa hiyo mwanangu mwenye pupa lazima ataishia kuwa teja?

Hapana. Na neno teja naomba lisitumike nyumbani, hata kwa utani. Mtoto akilisikia mara nyingi analivaa.

Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Walipofika miaka 32, wale waliokuwa na shida ya kujizuia utotoni walikuwa wameangukia zaidi kwenye utegemezi wa dawa za kulevya, madeni na maradhi. Hilo ndilo linalonukuliwa. Linalosahaulika ni kwamba wale ambao uwezo wao wa kujizuia uliongezeka kadiri walivyokua, mambo yao yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajiwa. Pupa inapungua, inafundishika.

Umri wa kuanza nao una uzito wake. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa kati ya walioanza pombe kabla ya miaka 15, takriban 40 kati ya 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi ni takriban 10 kati ya 100. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba wanaoanza mapema huwa tayari wana matatizo mengine nyumbani, hilo ni kweli. Hata hivyo mimi kila mwaka mmoja unaocheleweshwa nauhesabu kuwa ushindi.

Kwa heroini hesabu ni nyingine. Utafiti wa Marekani wa miaka ya 1990 ulikuta kwamba karibu mmoja kati ya wanne walioionja aliishia kuwa mtegemezi wake. Kijana akiniambia "nitajaribu mara moja tu" namwambia ahesabu marafiki zake wanne, ajihesabu na yeye humo.

Baba yake alikuwa mlevi. Amerithi?

Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya uraibu hutokana na kurithi. Kinachorithiwa ni wepesi wa kunaswa, na sehemu ya wepesi huo ni hiyo hiyo pupa. Nusu nyingine ni maisha. Utafiti mkubwa wa California uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watu waliopitia mateso ya aina nne au zaidi utotoni, kama kupigwa, kudhalilishwa kingono, au kumwona mama akipigwa, hatari yao ya ulevi na dawa za kulevya ilikuwa mara kadhaa zaidi ya wale ambao hawakupitia lolote.

Kama mlevi bado yuko ndani ya nyumba na anapiga watu, tuanze na hilo.

Mtoto wangu hawezi kungoja chochote. Nimfundisheje subira?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake linamgusa mzazi kuliko mtoto.

Wengi wamesikia jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960: mtoto anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa akingoja bila kukila atapewa viwili. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba aliyengoja amekwisha kufaulu maisha. Mwaka 2018 jaribio lilirudiwa kwa watoto wengi zaidi, na hali ya familia ilipozingatiwa, uzito wa ule utabiri ulipungua sana.

Kilichonifungua macho zaidi ni jaribio dogo la mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Kabla ya kuletewa kitu kitamu, watoto waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea. Kundi moja lililetewa kama lilivyoahidiwa. Kundi la pili liliambiwa, "Samahani, kumbe hazipo." Ilipofika zamu ya kungoja, waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa walingoja kama dakika 3. Hawa wa pili hawakuwa na kasoro kichwani. Walikuwa wamejifunza, ndani ya dakika chache, kwamba kwa mtu huyu anayengoja ndiye anayekosa.

Na msidhani subira ni mali ya Ulaya. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowalinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso wa Cameroon na watoto wa Ujerumani. Wanso waliwekewa andazi la kwao, kitu kama kalimati zetu. Karibu 70 kati ya 100 walingoja. Wajerumani hawakufika 30.

Sasa tazama nyumba zetu. "Ukifaulu nitakununulia viatu." Mtoto anafaulu, viatu haviji, na akiuliza anaambiwa ana kiherehere. "Baba atakuja Jumamosi." Jumamosi inapita. Nilimwona kijana wa miaka 17 ambaye aliweka akiba kwenye kibubu mwaka mzima ili alipie mafunzo ya udereva. Mjomba akakivunja "kwa dharura". Kijana hakuweka tena hata shilingi. Kila alichopata alikimaliza siku hiyo hiyo, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye bangi. Ukoo mzima ulisema ana pupa. Mimi niliona mtu aliyekuwa amepiga hesabu sahihi kwa nyumba aliyokuwa akiishi.

Kwa hiyo, ahidi kidogo, timiza. Ukishindwa, mwambie umeshindwa na lini utalipa. Subira inaota hapo.

Hatulii darasani, anakatiza watu, anapoteza madaftari. Hilo nalo linahusika?

Linaweza. Wapo watoto ambao kutotulia kwao kumezidi rika lao, kulianza kabla ya miaka 12, na kunaonekana nyumbani na shuleni pia. Hali hiyo ina jina la kitabibu na ina matibabu, na watoto wenye nayo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuangukia dawa za kulevya baadaye. Wazazi huogopa vidonge vyake, wakidhani vitamzoesha mtoto. Tafiti zilizofuatilia watoto waliotibiwa hazikuona kwamba tiba inaongeza uraibu ukubwani. Mpeleke hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Usikubali apachikwe jina la mtundu kisha yaishie hapo.

Wanaanza na nini? Bangi ndiyo mlango?

Wanaanza na kilicho karibu na cha bei ndogo. Huku ni sigara, kuberi, bangi, pombe kali. Ng'ambo ya mpaka, Mombasa na Kilifi, ni muguka, aina ya mirungi, na mnakumbuka Mei 2024 kaunti hizo zilipoupiga marufuku mpaka mzozo ukafika mahakamani. Wengi wanaovuta bangi hawafiki kwenye unga, yaani heroini. Lakini anayeuza bangi na anayeuza kete za unga mara nyingi wanajuana, na kuna kokteli, msokoto wa bangi uliochanganywa na unga. Nimekutana na vijana ambao hawakuwahi kuamua kutumia heroini. Waligundua siku walipokosa ule msokoto, wakaanza kuumwa mifupa, kutoka kamasi na kuharisha, na mwenzao akawaambia, "Hiyo ni arosto."

Niseme jambo kuhusu bei. Pupa inahitaji kitu kidogo kinachopatikana sasa hivi kwa sarafu zilizo mfukoni. Kiroba kilikuwa hivyo: pakiti ndogo ya pombe kali, inaingia kwenye mfuko wa shati la shule, haina chupa ya kuficha. Serikali ya Tanzania ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, watu wengi walilalamika kwamba mlevi atatafuta chupa tu. Mlevi wa miaka 40 atatafuta. Mtoto wa kidato cha pili mwenye shilingi mia tano, hamu yake ina dakika chache za kuishi, na ikikuta duka la karibu halina, mara nyingi inazimika. Niliunga mkono marufuku ile na naiunga mkono mpaka leo. Kete nayo inafungwa ndogo kwa sababu hiyo hiyo.

Shuleni kwetu tunaleta askari na picha za kutisha. Inasaidia?

Mwalimu wangu, haisaidii sana. Marekani walikuwa na mpango uliobuniwa Los Angeles mwaka 1983 wa kuwapeleka polisi madarasani. Ulienea nchi nzima, na tathmini zilizofanywa baadaye zilikuta kwamba haukupunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Na yule mpenda msisimko, ukimwonyesha kitu cha hatari umemwonyesha kitu cha kujaribu.

Kilichotoa matokeo bora ni kazi ya Patricia Conrod na wenzake, iliyofanyiwa majaribio Kanada, Uingereza na Australia. Badala ya kuhubiria shule nzima, wanapima haiba za wanafunzi na kuchukua wale wenye moja kati ya tabia nne: pupa, kupenda msisimko, hofu ya kupita kiasi, na kukata tamaa. Kila kundi linakaa peke yake vikao viwili tu, kila kimoja dakika 90. Wenye pupa wanajifunza kuitambua pupa yao inavyopanda. Wenye kukata tamaa wanashughulikia yale mawazo ya "mimi sifai kitu". Dawa za kulevya zinatajwa kidogo mno. Matokeo yake ni kwamba ulevi ulipungua miongoni mwa wanafunzi hao, na katika baadhi ya majaribio hayo hata matumizi ya dawa za kulevya.

Kwa shule isiyo na mshauri, anza na hili: mwanafunzi aliyekutwa na msokoto asiandikiwe barua ya kukaa nyumbani wiki mbili. Unampeleka mahali ambapo saa nne asubuhi wanaokaa kijiweni ni wauzaji na wasio na kazi, na wana muda wote wa kumsikiliza.

Mimi ndiye kijana mwenyewe. Hamu ikinishika siwezi kufikiri. Nifanye nini?

Mdogo wangu, ni kweli huwezi kufikiri wakati ule. Ndiyo sababu tunafikiri sasa, ukiwa umeshiba na umetulia.

Hamu inapanda, inafika kileleni, inashuka. Mara nyingi ndani ya nusu saa imekwisha kushuka, utumie usitumie. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha wagonjwa wake waitazame kama wimbi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa: wimbi hulipigi ngumi, unaliacha likuinue likushushe. Kwa hiyo usijiambie "sitavuta maisha yangu yote". Jiambie "sitavuta kwa dakika ishirini", kisha uzitafutie kazi.

Pili, andika mpango wa "ikiwa". Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha kwamba anayepanga mapema "ikiwa litatokea hili, nitafanya hili" anatekeleza kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Kijana mmoja dereva wa bodaboda aliandika wa kwake nyuma ya risiti ya mafuta: *Nikigombana na mama, nawasha pikipiki naenda kwa shangazi Chumbageni, sipiti njia ya sokoni.* Njia ya sokoni ndiyo yenye maskani yao. Alikuwa ameibeba kwenye mfuko wa leseni mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa. Sikumpa mimi maneno hayo, aliyajua mwenyewe. Nilichofanya ni kumuuliza ni saa ngapi, njia ipi, na nani.

Tatu, hela. Siku ya kulipwa ndiyo siku ya hatari. Mwachie mtu unayemwamini, au itume kwenye akaunti ambayo kuitoa ni shughuli. Usione aibu. Kuijua pupa yako na kuiwekea vikwazo ni utu uzima.

Nimekuta kete mfukoni mwake. Nianzie wapi?

Usianze usiku huo, wala mbele ya wadogo zake. Hasira yako ni halali, lakini ukikumbuka lile swali la kwanza, huenda mtoto huyu ni wa pupa ya machungu, na fujo ya usiku huo ndiyo itakayomtoa nje kuitafuta kete nyingine.

Subiri awe hajalewa. Mweke chumba kimoja na mtu mzima mmoja tu anayemheshimu. Mara nyingi si baba, ni mjomba au bibi. Weka kitu mezani, mwambie ulikikuta wapi, kisha nyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko unavyodhani. Akisema ni cha rafiki, usibishane. Muulize rafiki anakipendea nini. Jibu lake litakwambia kama anafuata raha, anakimbia maumivu, au anafuata watu, na kila moja lina njia yake.

Tumchape? Tumfunge ndani? Tumpeleke akasomewe?

Kipigo kinaongeza machungu kwa mtu anayekimbia machungu. Kumfunga kamba au minyororo ni ukatili, na kwa mtegemezi wa pombe au wa vidonge vya usingizi ni hatari ya kufa, maana hao wakikatishwa ghafla wanaweza kupata degedege. Hao waachishwe chini ya daktari.

Dua na maombi sizuii kamwe. Nimeona imani ikimpa mtu sababu ya kuamka. Ninachokataa ni kuambiwa aache dawa ya hospitali ili dua ifanye kazi, au afungiwe kwenye kambi ya mganga wiki sita kwa malipo ya shamba la familia.

Wasichana je?

Wapo, ila hawaonekani. Kwenye kliniki wanaume ni wengi zaidi kwa mbali, na sababu mojawapo ni aibu: msichana akionekana pale ameharibiwa jina, na mara nyingi aliyemwingiza ni mpenzi wake, ambaye ndiye anayeshika hela na kete. Ukimtibu yeye na kumwacha bwana, umefanya nusu ya kazi. Muulize akiwa peke yake, bwana asiwepo hata mlangoni.

Ameshazama kwenye unga. Kuna tiba, au ni kumwombea tu?

Tiba ipo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya maji anayokunywa mgonjwa kila siku mbele ya mhudumu. Inamwondolea arosto bila kumpa ile stimu, na haichomwi kwa sindano. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoa mingine. Zanzibar huduma iko Kidongo Chekundu, na Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Kwenye vituo vya serikali Tanzania hutozwi. Kupata maelekezo, piga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya, 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Watu husema ni kubadilisha unga kwa unga. Si kweli. Mtu wa unga anazunguka mji kutwa akitafuta hela ya kete inayofuata. Kila saa chache ana uamuzi wa kufanya akiwa na maumivu, na kila uamuzi wa mtu mwenye maumivu ni wa pupa. Methadoni inampa saa 24 tulivu. Humo ndani ndimo ushauri, kazi na familia vinapopata nafasi ya kuingia. Nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba hausi, nazo zimewasaidia wengi, hasa zinapoendeshwa na watu waliopona wenyewe. Kabla ya kulipa, nenda ukaone wanalala wapi na uongee na aliyekaa miezi mitatu.

Kurudia kutumia kukitokea, msimfukuze. Ila mjue hili: aliyekaa bila unga hata wiki chache, mwili wake umeshasahau kile kipimo cha zamani. Akirudi nacho kile kile anaweza kuacha kupumua. Wengi hufa wakitoka jela au soba hausi, siku za mwanzo kabisa.

Yuko mlangoni sasa hivi. Anatetemeka, anasema arosto inamuua, anataka elfu tatu. Nimpe?

Nimeulizwa hivi kwa simu saa nane usiku, na mama aliyekuwa akinong'ona.

Arosto ya unga inatesa vibaya, lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra iue. Hatari kubwa ni kukaukiwa maji kwa kuharisha na kutapika. Kwa hiyo usimpe hela, mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, uji mwepesi, blanketi, na kaa naye. Mwambie maneno machache: "Hela sina ya hiyo. Saa moja asubuhi tunakwenda wote kliniki, nauli ninayo." Usihutubie. Usimkumbushe televisheni aliyouza. Akianza kuishiwa nguvu, akichanganyikiwa, au kama anachanganya na pombe au vidonge, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Kama atatoka kwa hasira, mwambie mlango hautafungwa kwa komeo. Yule mama alifanya hivyo. Kijana aliondoka, akarudi saa kumi na moja alfajiri, akakuta chupa ya chai mezani na mama amevaa baibui, ameketi, mkoba uko mapajani. Walitembea mpaka stendi bila kusema neno.